Redio ya Nyumba Isiyo na Mtu

Kengele hakuwahi kupanda baiskeli bila muziki. Kwenye usukani, pale ambapo watu wenye akili zao hufunga taa, yeye alifunga redio ndogo ya rangi ya maziwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, na redio hiyo ndiyo iliyomtangulia mtaani kila asubuhi. Watoto wakiisikia walijua wamechelewa shule. Wakubwa walijua msoma mita anakuja, wakaenda kumfunga mbwa.

Ndiyo, kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Nyumba mia mbili na kumi, mtaa mmoja mrefu na vichochoro vyake, mageti ya mabati, mageti ya mbao na mageti yaliyobaki jina tu. Alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, akaita hodi, akaingia uani bila kusubiri sana kuitikiwa, maana nani asiyemjua? Akafunua mfuniko wa chuma, akamhamisha chura kwa heshima zote, akafuta kioo cha mita kwa kitambaa na kuandika tarakimu. Mtu mwingine angeiona kazi ya kuchafua magoti. Kengele aliiona kazi ya kifalme. Nani mwingine aliruhusiwa kuingia kila ua, kusikia kila wimbo unaotoka dirishani, kisha kuteremka kilima cha kwa muuza mkaa bila kukanyaga pedali, upepo umejaa shati, na nyimbo za nyumba kumi zinachanganyika kichwani hadi zinakuwa wimbo mmoja? Kuna siku alifika chini ya kilima asikumbuke alivyofika.

Jioni aliandika. Binti yake ndiye aliyemfungulia ukurasa mtandaoni, kwa kuchoka kusikia hadithi zilezile mezani. "Waambie na wengine, baba, sisi tumeshiba," alisema, akaupa ukurasa jina la Kengele ya Asubuhi. Ulianza kama mzaha. Baada ya miaka miwili wafuasi walikuwa elfu nne na ushee, wengine wako nchi za mbali huko, wanasoma habari za bomba lililopasuka karibu na kinyozi, za geti lililopakwa rangi ya kijani, za kinanda cha jirani kilichojifunza wimbo mmoja wiki nzima na kukosea palepale. "Kengele, unatutuliza roho," walimwandikia. Naye, Mungu amsamehe, aliyasoma maneno hayo mara mbilimbili kabla ya kula.

Mambo yaliharibika Jumatano jioni, jua bado liko dirishani. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Alikuwa anashona sare za shule huku redio ya mezani ikitoa habari za mji. Mtangazaji alisema nyumba ya tatu imevunjwa ndani ya wiki mbili. Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, alikuwa safarini. Majirani hawakushtukia chochote, kwa sababu walisikia redio yake ikiimba ndani.

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Huyo ni Sista," alisema.

"Sista wetu? Loh! Jumatatu tu nimepita kwake."

"Najua umepita. Nilisoma." Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Nyumba ya kwanza kuvunjwa ilikuwa ya nani?"

"Ya Mwalimu."

"Hebu nisomee ulichoandika juu ya Mwalimu."

Kengele alidhani anabembelezwa. Alichukua simu, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya kusomea:

"Leo nimepita kwa Mwalimu. Redio inaimba, lakini inaimba peke yake. Redio yenye mtu huguswa. Tangazo likija hupunguzwa, wimbo ukinoga huongezwa, habari zikianza mtu hukohoa. Hii ya Mwalimu ilitangaza sabuni kwa sauti ileile iliyotangazia mapenzi. Nilisimama na baiskeli yangu nikaionea huruma. Maskini redio, inaliimbia kochi na pazia."

Hata pale, jamani, alipofika kwenye kochi na pazia alitabasamu kidogo.

"Mwalimu aliiacha redio inawaka kwa nini?" Fundi aliuliza.

"Si walikwenda kwa mkwe wao. Wakaiacha ili watu wajue kuna..."

"Malizia."

"Ili watu wadhani kuna mtu."

"Mtaa mzima tunafanya hivyo. Mimi nafanya hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha tulipohamia hapa, ukaniambia usitoke bila kuwasha redio. Leo umekaa hapa na simu yako, umewafundisha wezi kusikiliza. Umewapa na nyumba za kuanzia."

Kengele alitafuta alichoandika juu ya Dereva wa lori, aliyevunjiwa wa pili. Kilikuwepo. "Kwa Dereva nako redio inajisemesha." Akatafuta cha Sista, nacho kilikuwepo. Kilipendwa na watu mia tatu na arobaini, na mmoja wao, ambaye hakuweka picha wala jina la kueleweka, alikuwa ameandika chini yake: "Tuletee na za kesho."

Alilitazama neno hilo mpaka macho yakaingia ukungu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kitabu chake cha shule, amesikia yote. "Futa," alisema haraka. "Futa zote tatu sasa hivi. Hakuna aliyeunganisha, baba. Mama ameunganisha kwa sababu ni mama."

"Na akinyamaza, atalala?" Fundi aliuliza.

"Akisema, nani atamfungulia geti?" binti alimrudishia mama yake.

Swali hilo lilibaki hapo sebuleni, juu ya sare za watu. Msoma mita asiyefunguliwa geti anasoma nini? Mkataba wake ulitazamwa kila mwisho wa mwezi, na nyumba ambazo hazikusomwa zikizidi thelathini, njia hupewa mtu mwingine. Lakini si mkataba aliouwaza Kengele saa ile. Aliona mageti mia mbili na kumi yanajifunga moja baada ya jingine, taratibu, na yeye yuko nje na baiskeli yake, muziki wote uko ndani.

Alizifuta zile habari tatu. Kisha akakaa hadi chai yake ikapoa, hakuigusa.

Asubuhi alikwenda kwa Sista kwanza, ingawa nyumba yake ilikuwa ya katikati ya njia. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba pale kitasa kilipokuwa. Sista alikuwa anafagia uani kama siku zote, ameinama, mkono mmoja mgongoni. Watoto aliowapokea wakizaliwa mtaa ule walikuwa na watoto wao sasa.

"Karibu, Kengele. Wameniachia mita, isome," alisema, akacheka kidogo. "Wamechukua godoro, jiko la gesi, na redio yangu. Ile redio ndiyo imeniuma. Mtu ukizeeka peke yako, redio si chombo tena. Haya niambie, wewe unayepita kila siku, hukuona mtu amesimama-simama hapa?"

Ni hapo angeweza kusema hapana. Neno lenyewe jepesi, lilikuwa tayari mdomoni.

"Mimi ndiye niliyesimama hapa, Sista."

Sista hakuwa na simu ya kusomea mambo ya mtandaoni, hakujua ukurasa wala wafuasi. Ikabidi Kengele aeleze tangu mwanzo. Ile habari alikwisha kuifuta, lakini nani anayasahau maneno yake mwenyewe? Alimsomea kwa kichwa, amesimama kando ya mita, ameshika baiskeli kwa mikono miwili. Alisoma jinsi redio ya Sista ilivyokuwa inaimba wimbo wa zamani ndani ya nyumba iliyojaa vivuli. Jinsi tangazo la dawa ya meno lilivyopiga kelele bila kukemewa. Jinsi alivyojua, kwa sikio lake yeye Kengele, kwamba mama wa nyumba hii hayupo na kikombe chake kinamngoja mezani. Nyumbani maneno yale yalikuwa matamu. Pale uani, mbele ya mlango wa kamba, kila neno lilikuwa linamuumbua.

Sista alisikiliza mpaka mwisho, fagio limesimama.

"Umeandika vizuri," alisema. "Kikombe kweli nilikiacha mezani."

Kisha akasema, "Sasa toka kwangu."

Mchana ule Kengele alisimamisha baiskeli chini ya kivuli cha ukuta na kuandika ukurasani maneno machache, hayakuwa na pambo hata moja. Aliandika kwamba nyumba tatu zilizovunjwa alizitaja yeye, kwamba alimwaga siri ambayo haikuwa yake, kwamba anaomba radhi na hataandika tena habari ya nyumba ya mtu. Akaweka simu mfukoni, akaenda nyumba iliyofuata.

Zilipita nyumba nane bila shida. Ya tisa ilikuwa na simu janja.

Kuanzia siku iliyofuata alisomewa mita yeye. Alipiga kengele, akaita hodi, na sauti ikatoka nyuma ya geti: "Andika mia nne na kumi na mbili!"

"Naomba niione mwenyewe, mama."

"Uione ukaiandike mtandaoni? Mia nne na kumi na mbili!"

Mke wa Mwalimu alimtuma mtoto na karatasi yenye tarakimu, karatasi ikapitishwa chini ya geti. Dereva wa lori alitaja namba ndogo kuliko ya mwezi uliopita, na Kengele, shingo upande, akaiandika hivyohivyo. Kinyozi, ambaye alikuwa akimtania kila asubuhi, alipomwona alipunguza redio ya kibandani. Akaizima kabisa. Akamtazama mpaka alipopita.

Ukurasani nako hakukukalika. Walewale wa kutulizwa roho walimbandika jina jipya, Kengele ya Wezi, wakalipeleka mbali kuliko alivyofika yeye kwa miaka miwili. Wafuasi waliongezeka hadi elfu tisa, maana watu wanapenda kumwona mtu akianguka. Wateja wa Fundi walikuja kuchukua vitambaa ambavyo hata havijakatwa, wanasema "basi tu, nimebadilisha mawazo," huku macho yao yanatembea ukutani. Fundi alivikunja kimoja kimoja, akawakabidhi kwa mikono miwili. Mlango ulipofungwa alikaa kwenye cherehani tupu na kulia kwa hasira.

"Unanilaumu," Kengele alisema.

"Nakulaumu, ndiyo. Nisikulaumu nimlaumu nani?" Alijifuta uso kwa upindo wa sare. "Lakini ungenyamaza nisingekupikia tena."

Bosi wa kituo alimwita. Alikuwa mtu wa mafaili, hakupenda kelele. "Mita ya huyu dereva inarudi nyuma," alisema. "Maji yanatoka nyumbani kwake yanarudi kwenye bomba letu?"

"Alinisomea kwa nje, bosi."

"Na hizi themanini na sita?"

"Nazo kwa nje."

"Kusomewa si kusoma. Mwisho wa mwezi zikizidi thelathini, nampa mtu mwingine njia hii. Sina ugomvi na wewe. Hata mimi nilikuwa nasoma ukurasa wako." Aliona haya baada ya kusema hivyo, akafungua faili jingine.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Kengele alikata ule ukanda wa mpira kwenye usukani. Redio ya rangi ya maziwa ilikuwa na mkwaruzo mmoja ubavuni na antena iliyopinda, lakini ilikamata vituo vyote. Aliipangusa kwa kitambaa cha kufutia mita, akaipeleka kwa Sista.

"Sitaki kitu chako," Sista alisema kwa ndani ya geti.

"Si zawadi, Sista. Usiku mtu asikie kuna sauti ndani. Naiweka hapa chini."

Aliiweka kwenye kivuli, akaondoka. Alipofika kona aligeuka, akaona geti limefunguka kiasi cha mkono mmoja. Redio ikaingia ndani.

Zikafuata siku za ajabu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alipanda baiskeli bila muziki, na mwanzoni alijiona yuko uchi. Kisha masikio yakafunguka. Alisikia mnyororo wake mwenyewe ukisema neno moja tu, siku nzima. Alisikia mabati yakipata joto na kujinyoosha, ndoo ikijaa mahali fulani, mtu akimwita mtu kwa jina la utotoni. Akiteremka kilima cha muuza mkaa alifumba macho nusu, na mtaa ukampita kando laini, bila maneno, mageti yote yamefungwa na bado ni mazuri. Jioni mikono ilimwasha kuandika. Akaiweka chini ya mapaja. Alikuwa anajifunza kuona kitu na kukiacha pale kilipo, na hakuna kazi iliyowahi kumchosha namna ile.

Siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi, asubuhi na mapema, Sista alimngoja barabarani. Alikuwa amevaa viatu vya safari, begi liko miguuni.

"Dada yangu kazidiwa," alisema. "Nakwenda siku nne, labda tano."

"Pole sana, Sista. Mungu amnyanyue."

"Amina. Sasa sikiliza. Kitasa kipya nimeweka. Redio nimeiacha inaimba. Lakini wezi wanajua sasa, si umewaambia? Redio isiyoguswa ni ya nyumba isiyo na mtu. Hata nikiacha kumi, hazinisaidii kitu." Aliingiza mkono kwenye pochi, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu. "Basi wewe uliyewaambia, ingia ukaiguse."

Kengele aliutazama ufunguo, mkono haukunyanyuka. "Mimi, Sista? Baada ya..."

"Nani mwingine? Mtaa huu wote, nani anajua nyumba yenye mtu inavyosikika? Tangazo likija, punguza. Habari zikianza, kohoa. Na usiandike."

"Siandiki."

"Najua. Mke wa Mwalimu ananisomea ukurasa wako kila jioni, tunachungulia kama umevunja ahadi. Mweupe kama sahani." Akamwekea ufunguo kiganjani na kumfunga vidole mwenyewe, kama anavyomfunga mgonjwa bandeji.

Aliingia saa tatu. Nyumba ilikuwa na harufu ya sabuni na dawa ya kuchua. Kochi lilikuwepo, pazia lilikuwepo, kikombe kilikuwa mezani kimefunikwa kisahani. Redio yake ya rangi ya maziwa ilikuwa juu ya kabati, imewekewa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, inaimba. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba kama mgeni aliyewahi mno. Wimbo ukaisha, likaja tangazo la sabuni kwa kelele zake zote, na Kengele akanyoosha mkono, akapunguza. Wimbo wa pili ulikuwa mzuri. Akauongeza. Alisogeza kiti kikakwaruza sakafu, akafungua bomba la jikoni kidogo, akafunga. Habari zilipoanza alikohoa, kikohozi cha kweli kikamtoka, na machozi nayo.

Kwa nje, mke wa Mwalimu alikuwa anaanika nguo. Alisikia redio ikiguswa, akadhani Sista amerudi mapema, akashangaa, akaja dirishani kumsalimia. Alimkuta msoma mita amesimama mbele ya redio, kofia mkononi, analia na kuitafutia stesheni.

Alirudi kwake, akaondoa komeo. Kengele alipotoka na kupitisha baiskeli yake mbele ya geti lile, lilikuwa wazi.

"Msoma mita," mke wa Mwalimu aliita. Hakumwita Kengele, bado. "Si uje uisome hiyo mita yako? Chura amerudi, mimi simgusi."

Wezi hawakukamatwa, na redio ya mji ikahamia habari nyingine. Nyumba ya Sista haikuguswa. Mageti mengine yalifuata lile la Mwalimu, moja moja, na mwisho wa mwezi nyumba ambazo hazikusomwa zilikuwa ishirini na nane. Bosi alihesabu mara mbili, akatia sahihi. Dereva wa lori hakufungua na huenda hatafungua. Lakini kwenye usukani wa baiskeli, pale ilipokuwa redio, palining'inia funguo nne walizomwachia wasafiri wa mtaa, zenye nyuzi za rangi nne, na baiskeli ikipita kwenye mawe zililia kidogo.

Jioni moja Kengele alirudi amechelewa chakula. Binti alikuwa anaandika kazi ya shule. Fundi alikuwa kwenye cherehani na sare mbili za wateja waliorudi kimyakimya, bila kusema wamebadilisha mawazo tena. Hakuinua kichwa.

"Haya, baba watoto," alisema. "Mtaani kuna habari gani?"

Kengele alitundika funguo msumarini, moja baada ya nyingine. Alikuwa ametoka kwenye nyumba nne tupu. Amepunguza matangazo, ameongeza nyimbo, amewasha taa za barazani, amekohoa mpaka koo limekauka.

"Hakuna habari," alisema. "Wote wapo nyumbani."